Kadi ya mawasiliano ya PLC imegoma: maswali ambayo mafundi huuliza mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kadi zinazounganisha PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) na vifaa vya kiwandani: inveta (vifaa vya kudhibiti kasi ya motori), mita za umeme, vali, raki za mbali za kuingiza na kutoa ishara. Tumeegemea zaidi lugha za mawasiliano za Modbus RTU juu ya RS-485 (aina ya laini ya nyaya), PROFIBUS DP na PROFINET, kwa sababu ndizo fundi anazokutana nazo mara nyingi akifungua kabati. EtherNet/IP, lugha nyingine ya namna hiyo, imeguswa kwa kifupi.

Kadi imeacha kuwasiliana. Niagize nyingine?

Bado. Kadi hufa mara chache kuliko tunavyozisingizia. Mara nyingi kasoro iko nje yake: waya umelegea kwenye skrubu, konekta imeingia unyevu, anwani zimegongana, volti 24 zimeshuka, au mtu aliingia kwenye programu jana jioni akabadilisha kitu bila kuandika kwenye daftari la zamu. Ukiweka kadi mpya juu ya waya mbovu, itakuwashia taa ileile nyekundu, na ofisi ya ununuzi itataka kujua hela imekwenda wapi.

Kabla ya kushika bisibisi, muulize opereta: nini kimebadilika? Kuna aliyechomelea karibu na njia ya nyaya? Umeme ulikatika usiku? Kabati lilioshwa kwa maji? Kuna inveta mpya imefungwa wiki hii? Mfumo uliofanya kazi miaka kadhaa hauamki siku moja ukakuta anwani zake zimekosewa, lakini unaweza kuamka ukakuta panya amekula kebo. Kinyume chake, mfumo ambao haujawahi kufanya kazi tangu ufungwe, anza kuushuku kwenye mipangilio na nyaya zilizogeuzwa, si kwenye uchakavu.

Naweza kuizima na kuiwasha kadi mitambo ikiwa inatembea?

Usifanye hivyo kabla ya kujua vifaa vilivyo upande wa pili vitafanya nini mawasiliano yakikatika. Raki moja itashusha ishara zake zote hadi sifuri, nyingine imepangwa kushikilia hali ya mwisho. Inveta nyingi zina mpangilio wake kwa hali hiyo: kusimama, kuendelea kwa kasi ya mwisho, au kushuka hadi kasi fulani. Ukizima kadi ukidhani pampu itasimama, kumbe imepangwa kuendelea, bomba ndilo litakalokujulisha.

Kwa hiyo: kibali cha kazi, opereta ajue, na mashine iwekwe katika hali salama. Kuchomoa kadi kwenye raki yenye umeme kunaruhusiwa pale tu ambapo kitabu cha kadi hiyo kinasema waziwazi. Na kitufe cha kusimamisha dharura hakipaswi kutegemea laini ya kawaida ya mawasiliano hata siku moja. Ukikuta kimefungwa hivyo, acha unachofanya, hilo ndilo tatizo la kwanza la siku.

Taa za kadi zinaniambia nini?

Zinakuambia upande wa kuanzia. Kwenye raki za mbali za PROFIBUS kama ET 200M ya Siemens utaona ON, SF na BF. ON ikizimika, angalia umeme kabla ya kitu kingine chochote. SF ni kasoro ya kifaa chenyewe au moduli zake, mfano moduli iliyopangwa kwenye programu haipo kwenye raki. BF ni kasoro ya laini. BF ikiwaka mfululizo, kwa kawaida kadi haisikii mazungumzo yoyote, kwa hiyo nenda kwenye kebo na konekta. Ikimetameta, laini inasikika lakini kadi haijakubaliana na PLC kubadilishana data, kwa hiyo kagua anwani na mpangilio.

Kwenye EtherNet/IP, taa ya mtandao ya kijani inayometameta ina maana kadi ina anwani ya IP lakini hakuna aliyeungana nayo. Kijani tuli, imeunganishwa. Nyekundu inayometameta, muunganisho ulikuwepo ukapitwa na muda. Nyekundu tuli, kuna kifaa kingine chenye IP hiyohiyo.

Piga picha ya taa, au bora zaidi video ya sekunde chache kwa sababu picha haionyeshi kumetameta, kabla hujazima chochote. Ukishazima, ushahidi umeondoka.

Nimebadilisha anwani kwa vile viswichi vidogo lakini kadi haijabadilika. Imeharibika?

Haijaharibika. Kadi nyingi, ET 200M ikiwemo, husoma viswichi hivyo wakati wa kuwaka tu. Zima umeme wa kadi kisha uwashe. Kumbuka pia kwamba swichi ya nafasi ya 64 na ile ya 32 zimekaa jirani, na vumbi la saruji au la sukari huweza kuifanya ionekane imesukumwa wakati imebaki katikati.

Nina multimita tu. Naweza kupima nini kwenye RS-485?

Mengi, na hapa ndipo kasoro nyingi za RS-485 huishia.

Zima umeme wa vifaa vyote vya laini hiyo. Weka multimita kwenye omu, gusa waya A na waya B, nyaya mbili zinazobeba data. Laini iliyofungwa vizuri ina rezista ya omu 120 kila mwisho, mbili tu, kwa hiyo utasoma karibu na 60. Kebo ikiwa ndefu huongeza omu chache, usihangaike. Ukisoma 120, rezista moja haipo, au kebo imekatika mahali fulani na unaona upande wako peke yake. Ukisoma 40, kuna rezista ya tatu: tafuta kifaa cha katikati ambacho mtu aliacha swichi yake ya rezista imewashwa. Ukisoma karibu na sifuri, A na B zimegusana, na mara nyingi zimegusana ndani ya konekta, pale nyuzi moja nyembamba ilipotoroka skrubu.

Ukipata sifuri, igawe laini nusu kwa nusu. Fungua katikati, pima kila upande, endelea na upande mbovu. Kwenye laini yenye vifaa 16 utafika kwenye mbovu kwa kufungua mara nne, badala ya kuzunguka kiwanda kizima.

Kisha washa umeme, simamisha PLC isiulize, upime volti za DC kati ya A na B laini ikiwa kimya. Kiwango cha RS-485 kinataka tofauti ya angalau milivolti 200 ili mpokeaji awe na hakika anasoma 1 au 0. Laini kimya ikiwa na milivolti 20 au 30, wapokeaji wanabahatisha, na utapata herufi za uongo kabla ya kila ujumbe. Dawa yake ni rezista za kuvuta laini, moja kwenda volti 5 na nyingine kwenda sifuri, mahali pamoja tu. Mara nyingi tayari zimo ndani ya kadi ya PLC na zinangoja swichi.

Mwisho pima A na ardhi ya saketi ya mawasiliano, halafu B na ardhi hiyo, kwenye kila kifaa. Vipokezi vinavumilia kuanzia volti −7 hadi +12. Nje ya hapo ujue ardhi za vifaa zimepishana, na waya wa tatu, ule wa sifuri ya mawasiliano, haujaunganishwa. Wengi huuacha kwa sababu "RS-485 ni waya mbili". Laini itafanya kazi siku ya kukabidhi mradi, kisha ianze kusumbua pale motori kubwa zinapowashwa.

Na juu ya A na B: watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi. A ya mmoja ni B ya mwingine. Kama laini haijawahi kufanya kazi na kila kitu kingine kiko sawa, geuza nyaya mbili hizo. Kuzigeuza hakuunguzi kitu.

PROFIBUS nayo napima hivyohivyo?

Karibu, ila namba ni nyingine. Chomoa konekta zote kwenye vifaa, acha swichi za rezista za konekta mbili za mwisho zikiwa zimewashwa, kisha pima kati ya pini ya 3 na ya 8. Utapata karibu omu 110, kwa sababu kila mwisho una 220 kati ya nyaya hizo. Ukisoma 220, ni mwisho mmoja tu unaoonekana.

Mambo mawili huwasumbua watu hapa. Konekta za kawaida za PROFIBUS zikiwashwa swichi ya rezista hukata kebo inayoendelea mbele. Fundi akiiwasha kwenye kifaa cha katikati, vyote vilivyo nyuma yake hupotea, na yeye anaona raki tano zimekufa kwa wakati mmoja. La pili ni kwamba rezista hizi hupata volti 5 kutoka kifaa ambacho konekta imechomekwa. Kifaa cha mwisho kikizimwa kwa matengenezo, mwisho wa laini hubaki bila nguvu na vifaa vingine huanza kuyumba. Mahali ambapo kifaa cha mwisho huzimwa mara kwa mara, funga kifaa maalumu cha kumalizia laini chenye umeme wake.

Angalia na urefu. Kwa kilobiti 93.75 kwa sekunde kipande kimoja kinafika mita 1,200, kwa 500 ni mita 400, kwa megabiti 1.5 ni mita 200, kwa megabiti 12 ni mita 100. Mtu akirefusha kebo kufuata mashine mpya bila kushusha kasi, kadi italaumiwa bure. Kipande kimoja hubeba vituo 32, na viongeza nguvu vya laini vinahesabiwa humo.

Modbus inarudisha "kosa namba 2". Maana yake waya mbovu?

La, na ni habari njema. Tazama mazungumzo yenyewe, yameandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16). PLC inauliza:

01 03 00 00 00 02 C4 0B

Yaani: kifaa namba 1, nisomee rejista mbili (visanduku vya kuhifadhi namba) kuanzia namba 0. Baiti mbili za mwisho ni za kuhakiki. Kifaa kinajibu:

01 83 02 C0 F1

Ile 83 ni 03 iliyoongezewa 80, alama kwamba ombi limekataliwa. 02 ni sababu: rejista uliyoomba haipo. Ili jibu hilo likufikie, nyaya ziko sawa, kasi iko sawa, pariti (biti ya kuhakiki kila herufi) iko sawa, anwani ya kifaa iko sawa. Acha kebo, rudi kwenye jedwali la rejista. Sababu 01 ni kwamba kifaa hakijui kazi uliyoomba, 03 thamani haikubaliki, 04 kifaa kimeshindwa ndani yake.

Chanzo cha kawaida cha 02 ni kupishana kwa moja. Kitabu kinaandika 40001, kwenye waya inasafiri 0000. Programu nyingine hukutolea hiyo moja, nyingine zinakuachia uitoe mwenyewe. Jaribu namba moja chini au moja juu kabla ya kumpigia mtengenezaji simu.

Usipopata jibu lolote, hata la kukataa, ndipo unarudi kwenye nyaya, kasi, pariti na anwani. Kiwango cha Modbus kinaitaja pariti shufwa kuwa ndiyo ya kuanzia, na pasipo pariti kinataka biti mbili za kusimamia. Vifaa vingi sokoni vinakuja bila pariti na biti moja tu. Linganisha pande zote mbili kwa macho yako, usiamini kumbukumbu ya mtu.

Data zinafika, lakini voltmita inaonyesha 0.000 wakati umeme upo.

Hapo kadi imemaliza kazi yake vizuri. Namba zenye desimali hukaa kwenye rejista mbili, na vifaa havikubaliani ipi itangulie. Volti 230 huandikwa 4366 0000 kwa heksadesimali. Ukiisoma 0000 4366 unapata namba ndogo mno ambayo skrini inaonyesha sifuri. Badilisha mpangilio wa rejista hizo mbili kwenye programu. Ukipata 2300 badala ya 230, kifaa kinatuma namba kamili na wewe unatakiwa kugawa kwa 10. Kitabu kitakuwa kimelisema hilo kwenye safu ambayo hakuna anayeisoma.

Mita moja ikizimwa, laini nzima inakuwa nzito. Kwa nini?

Kwa sababu Modbus RTU ni foleni, na aliyekufa analishika dirisha. Kwa baudi 9600 (biti 9600 kwa sekunde), swali na jibu la rejista mbili huchukua takribani milisekunde 20 za kusafiri. Hata ukiongeza muda wa kifaa kufikiri, mita 20 huisha ndani ya takribani sekunde 1. Sasa zima moja. Kama kadi inasubiri sekunde 1 na kujaribu mara 3, mita hiyo peke yake inakula sekunde 3 kila mzunguko. Opereta anaona namba zote zimeganda, anaripoti kwamba kadi imekufa.

Punguza muda wa kusubiri hadi kitu kinacholingana na kifaa, milisekunde 200 au 300 mara nyingi hutosha, na panga programu imruke asiyejibu na kumrudia baada ya muda. Wakati wa kutafuta kasoro, orodha ya vifaa vilivyozimwa kwa makusudi iwe mkononi.

Mawasiliano yanakatika na kurudi yenyewe. Nikifika, yako sawa.

Haya ndiyo yanayochosha. Usikimbilie kupima, kimbilia kuandika saa. Historia ya matukio ya PLC huweka saa ya kila kukatika. Iweke kando ya saa za mitambo: kukatika kukifuatana na kuwaka kwa inveta fulani, umempata mtuhumiwa. Tazama kama kebo ya mawasiliano inalala kwenye trei moja na kebo ya motori ya inveta hiyo. Zitenganishe, na pale zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe ya mraba. Wavu wa kinga wa kebo ushikwe kwa klampu inayouzunguka mzima, si kusokotwa kuwa mkia mrefu na kubanwa kwenye skrubu moja.

Kukatika kukija mchana wa jua kali tu, fungua kabati uangalie feni na joto. Kukija alfajiri, shuku unyevu unaoganda ndani. Ukiwa pwani, Tanga au Mombasa, chomoa konekta utazame pini: chumvi huacha ukungu wa kijani ambao multimita haiuoni siku ya kwanza.

Kukija baada ya radi, na kebo ikiwa inapita nje kutoka jengo hadi jengo, usiishie kubadilisha kadi. Maeneo kama Kisii, Kakamega na kandokando ya Ziwa Victoria, radi itarudi. Kati ya majengo weka fiba. Ni ghali mara moja, kadi ni ghali kila msimu wa mvua.

PROFINET: nimefunga kifaa kipya, IP nimeweka, ping (jaribio la kuuliza kama kifaa kipo mtandaoni) inajibu, PLC haikioni.

PLC haitafuti IP. Inatafuta jina. Kila kifaa cha PROFINET kina jina lake, na PLC ikishalipata ndipo inakipa IP iliyo kwenye mradi. Kifaa kipya kutoka kwenye boksi hakina jina. Kipe kwa TIA Portal, programu ya Siemens ya kupanga PLC, au kwa PRONETA ya Siemens ambayo toleo lake la msingi ni bure, na ulinganishe herufi kwa herufi na mradi. Tumia amri ya kumetamesha taa ili uhakikishe unakipa jina kifaa kilicho mbele yako na si ndugu yake wa kabati la pili.

Na ping isikudanganye hata kwenye kukatika. Kifaa kikibadilishana data kila milisekunde 2, na PLC ikivumilia kukosa mizunguko 3, muunganisho unaanguka baada ya milisekunde 6. Ping inayouliza mara moja kwa sekunde itasema kila kitu kizuri. Ingia kwenye swichi ya mtandao usome hesabu ya makosa ya kila poti. Poti ambayo makosa yake yanapanda ukiwa unatazama, kebo yake ndiyo ya kubadilisha.

Sasa nimehakikisha: kadi imekufa. Nibadilishe vipi?

Hakikisha kwanza kwa kuitoa kwenye laini yake: kadi mezani, kebo fupi nzuri, kifaa kimoja kinachojulikana kuwa kizima. Ikigoma hapo, imekufa.

Soma namba kamili ya oda na toleo la programu yake ya ndani, si jina la familia tu. Hifadhi nakala ya mradi ulio ndani ya PLC sasa, si ule wa kwenye laptopu ya mkandarasi wa miaka iliyopita. Piga picha ya viswichi. Weka alama kwenye kila konekta. Zima, badilisha, nakili viswichi, washa. Kwenye kadi ya EtherNet/IP ya 1756-EN2T ya Rockwell, kwa mfano, vile vizungusho vitatu vikiwa kati ya 001 na 254 huipa kadi IP ya 192.168.1 na namba hiyo mwishoni. Vikiachwa 888, kadi hujirudisha hali ya kiwandani inapowashwa, na utakaa unatafuta kwa nini haionekani.

Kadi za mitumba je?

Kwa mitambo ya zamani ambayo kadi zake hazitengenezwi tena, mara nyingine hakuna njia nyingine. Dai ijaribiwe kwenye raki mbele yako, na lebo ya namba ya mfululizo iwe haijabanduliwa. Ukishainunua, iwashe siku hiyohiyo, usiisubirishe stoo hadi usiku wa dharura.

Naweza kufunga modemu ya laini ya simu ili nirekebishe nikiwa nyumbani?

Si kwa kuunganisha PLC na intaneti moja kwa moja. Modbus ya kawaida haina nenosiri. Yeyote atakayefika kwenye poti 502, mlango ambao Modbus hutumia kwenye mtandao, anaweza kusoma na kuandika rejista kama wewe. Pitia VPN (njia iliyofichwa kwa usimbaji), iwashwe kwa ombi, na anayeiwasha awe mtu aliye kiwandani, kwa ufunguo wa kabati. Usimguse mtambo kwa mbali kabla opereta hajakuthibitishia kwa simu kwamba hakuna mtu aliye karibu nao.